Sauti ya Mama Ilivyobaki Nyuma

Jirani yangu wa kazi amefariki. Habari nilizipata Jumatatu nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kidevu ikiwa na povu, na ni aibu kukiri kwamba kabla hata ya kusema pole nilijiuliza ni nani sasa atachukua wateja wake. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii hainilishi. Kazi yangu ni kwenye kibanda hapa mtaani Umoja, ambako watu huleta kanda na diski za harusi na mazishi niwageuzie ziwe faili za kuchezwa kwenye simu. Marehemu alikuwa na kibanda kama changu, ng'ambo ya barabara, ila kwake watu walipanga foleni. Nilimwonea wivu miaka yote hiyo, wivu wa kunikosesha hamu ya chai.

Kazi hii ina ugonjwa wake. Ukigeuza video kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, picha na sauti huweza kwenda kwa kasi zisizolingana. Dakika ya kwanza huoni kitu. Kufikia saa ya pili, mchungaji amefunga mdomo na mahubiri bado yanaendelea. Mimi nilikuwa nakagua dakika ya kwanza, naridhika, namwita mwenye mali. Siku moja mama mmoja wa mtaa wa Donholm alinirudia amefura. "Wewe fundi, mbona mzee wangu ameshakaa chini na bado anaongea?" Nikamwambia shida ni simu yake. Akavuka barabara. Nilijifanya napanguza kioo, nikamsikia marehemu akimwambia, "Tuanze na mwisho, mathe. Huku mwanzo huwa inakaa poa tu." Akapeleka video hadi mwisho, akapima sauti imechelewa kiasi gani, akaiongezea kasi kidogo mpaka ikalingana na midomo. Kisha akavaa hedfoni, akasikiliza harusi nzima ya watu asiowajua. Hicho ndicho nilichokosa mimi, na nilikijua, na bado sikukiiga.

Nami nilikuwa na kanda yangu. Ni ya harusi yangu, na mwishoni mama yangu, ambaye ameshatangulia, anasimama kutubariki. Hakuna mahali pengine sauti yake ilipobaki. Niliigeuza kwa mkono wangu mwenyewe, na ilipofika zamu yake, mama aliketi ndipo baraka zikaanza. Nilijaribu mara tatu, kila mara nikazima kwa hasira kabla hajamaliza. Kutoka mlango wangu hadi wa jirani ni hatua ishirini. Sikuvuka. Nilimwambia mke wangu kanda imeharibika, nikaitupa kwenye droo, nikakaa miaka bila kumsikia mama ili mwanamume mmoja asijue kwamba nimeshindwa. Kila asubuhi alinipungia mkono, "Niaje, jirani!" nami nikamjibu kwa kukohoa.

Juzi tulitoka kwenye matanga yake, ambako hata huko niliutazama ule umati kwa jicho baya, nikijiuliza kama wa msiba wangu utafika nusu yake. Tulipofika nyumbani, mke wangu akanipa simu yake. "Usikasirike, baba watoto. Ile kanda nilimpelekea marehemu kitambo. Alinikataza kukuambia." Nikaenda moja kwa moja hadi mwisho, kama alivyokuwa akifanya yeye. Mama akasimama, midomo na sauti pamoja, akamgeukia bibi harusi. "Huyu kijana wangu hawezi kumwambia mtu kwamba ameshindwa. Ukiona jambo limemlemea, usimngoje. Mtafutie mtu." Siku ya harusi sikuyasikia maneno hayo, nilikuwa nasalimiana na wageni. Lakini jirani aliyasikia, maana alisikiliza kila alichotengeneza hadi mwisho. Akajua udhaifu wangu wote, na asubuhi iliyofuata akanipungia mkono vilevile.

Nililia, na hata katika kulia nilimwonea wivu, kwa kuwa alimsikia mama yangu kabla yangu. Wewe unayesoma, kama kuna jambo limekushinda na unaujua mlango wa anayeliweza, vuka leo. Mimi nimevuka asubuhi hii, kwa mara ya kwanza. Nilisimama mbele ya kufuli la kibanda chake, nikasema kwa sauti, "Niaje, jirani."