Mababu Saba Kwenye Kompyuta

Kompyuta iko Garissa, sebuleni kwa mama, nami nafundisha Elwak. Fundi mmoja alinifungulia njia kwenye ruta ya intaneti ya nyumbani, nikabandika juu yake namba za kuingilia, nikawa naiona skrini ya kule na kuitumia nikiwa huku. Humo mna sauti ya marehemu baba akisimulia safari zake za kuswaga ngamia. Nakala ni hiyo moja tu, kwa sababu simwamini mtu kumpa hata kwenye flashi. Ndivyo nilivyo.

Alasiri moja nilifungua skrini nikaona mshale unatembea. Sikuwa nimeugusa. Ulikwenda moja kwa moja kwenye folda ya baba, ukafungua sauti ya kwanza. Hooyo, yaani mama, hajui hata kuiwasha ile mashine. Nikajua ni mwizi, tena anayejua anachotaka, na akifuta, baba hatasikika tena.

Nikamshuku fundi. Nani mwingine? Nikampigia, nikamwambia aondoe mkono wake kwenye sauti ya baba yangu.

"Abaayo, dada yangu, ogoba Mungu," alisema. "Basiwadi uliweka nini? Usiniambie ni abtirsi."

Nenosiri nililoweka lilikuwa abtirsi yangu, majina ya mababu saba kuanzia kwa baba kwenda juu, tuliyokaririshwa kabla hatujajua kusoma. Niliyachagua kwa kuwa siwezi kuyasahau hata nikiugua.

Akacheka. "Hiyo ukoo mzima iko nayo kwa kichwa. Sasa umefungia nani?"

Nikageuza shuku, nikawapitia jamaa zangu kichwani: binamu wa Balambala, ami anayependa kuchungulia simu za watu. Wote wakawa wezi. Nikaamua kuweka mababu wa upande wa mama, kwa maana hao hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyewahi kufundishwa. Hata mimi sikuwajua. Ilibidi nimpigie Hooyo.

Akawataja polepole, mmoja baada ya mwingine, nami nikiandika mpaka wa saba. Nikabadilisha nenosiri papo hapo, nikamwambia sasa mwizi amebaki nje.

"Mwizi gani?" akauliza. "Huyo ni kaka yako. Mimi ndiye niliyemsomea namba ulizobandika kwenye ruta. Hakumzika baba yake, anataka kumsikia."

Kaka yangu yuko ng'ambo, na tangu akose mazishi sijazungumza naye. Nilimshuku kila mtu ila yeye, kwa kuwa nilishaacha kumhesabu kama mtu wa nyumba ile. Niliona haya. Nikasema basi, nitamtumia majina mapya.

"Usimtumie," Hooyo alisema. "Mwache anipigie aniulize mwenyewe. Nimewazaa nyote, na leo ndiyo mara ya kwanza mmoja wenu kuniuliza baba zangu ni akina nani."