Gari la Baba Lililonyamazishwa

Juzi nilipita kwenye karakana moja mtaa wa Kenya, hapahapa mjini kwetu, nikamkuta fundi wa viti amelivua nguo gari dogo la zamani, la milango miwili, lile la kukimbia, lenye pua ndefu na tumbo linalokaribia kugusa ardhi. Viti vilikuwa nje juani, zulia limekunjwa kando, na juu ya mbabula, jiko la makaa, alikuwa anapasha karatasi nzito za lami ili azibandike sakafuni. Harufu ile ikanisimamisha. Papo hapo, rafiki yangu, nikaanza kumshuku mwenye gari. Nikamuuliza fundi, unalinyamazisha kwa ajili ya nani? Akacheka, akasema mwenyewe anaungua miguu na kelele zinamchosha, basi. Sikumwamini hata kidogo. Mimi ni mtoto wa mama yangu, na utulivu wa gari nusura uvunje nyumba yetu.

Tulikuwa tunakaa Kampemba. Baba alifanya kazi kwenye mashine za kuponda mawe ya shaba, kazi ya vumbi na kishindo, na alikuwa na pendo moja tu la kijinga: gari la aina hiyohiyo. Alilinunua kwa mzungu wa mtaa wa Golf aliyekuwa anarudi kwao, jekundu, rangi imeshachoka, na akaliosha kila Jumapili kabla hata ya kuoga yeye mwenyewe. Kwa nje lilipendeza. Kwa ndani lilikuwa adhabu. Bomba la moshi lilipita chini ya miguu yetu, joto la injini likaingia kwa kila tundu ambalo waya ulipita, na sisi watoto tuliobanwa nyuma tuliinua mapaja juu kama tuliokalia kikaango. Siku moja ndala ya plastiki ya mama ililainika ikashikamana na sakafu. Na kelele! Mama alisema neno, baba akajibu kwa kupiga kelele, "Sisikie, ni gari!" Mama akarudia mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, naye baba akajibu jambo jingine kabisa. Tulipofika nyumbani mama akashuka mguu mmoja peku, akaapa: "Mi sitapanda tena mu ile mbabula yako."

Na kweli hakupanda tena. Jumapili alienda kanisani kwa miguu nasi nyuma yake, na baba akatupita barabarani peke yake na gari lake, ameukunja uso.

Ulikuwa msimu wa baridi, ule wa mwezi wa sita, asubuhi moshi wa makaa unalala chini na hautaki kupanda. Jioni tulikaa jikoni kumenya karanga, mama anasonga bukari, ugali wetu, mboga za lengalenga zinachemka, samaki wa tomson anakaangwa, na harufu yake inafika kwa jirani kabla ya sisi kuonja. Ni katika jioni hizo vitu vilipoanza kupotea nyumbani. Kwanza blanketi la sufu lenye mstari mwekundu, ambalo bibi alimpa mama siku ya harusi. Mama alilitafuta kabati zima, akatupekua hata sisi. Halafu likapotea godoro la sponji la wageni. Halafu zulia kuukuu la sebuleni. Baba akiulizwa, aliendelea kula. Au aliinuka akaongeza sauti ya redio.

Jirani yetu, mke wa mfanyabiashara wa unga kutoka Butembo, alikuwa na akili kali na kazi chache. Alikuja kukaa kwenye kigoda chetu, akahesabu kwa vidole.

"Blanketi, matela, tapis. Mama, huyo mwanaume anajengea muntu nyumba."

Mwiko wa mama ulisimama ndani ya bukari. Kwetu hawara wa mume wa mtu tunamwita deuxième bureau, ofisi ya pili, na ofisi haiwezi kukosa vifaa. Tangu siku hiyo mama alimtazama baba kama unavyomtazama muuza nyanya anayezificha mbovu chini. Akimsemesha chini chini wakati wa kula, baba hajibu. Akimwita kwa nyuma, hageuki. "Roho yake iko kwingine," alituambia, na mimi nikaamini, maana nilikuwa nimeona mwenyewe: baba alikaa mezani anatabasamu peke yake.

Na kila Jumamosi gari lilikwenda mtaa wa Kenya, likarudi jioni. Jirani akaleta habari nyingine. Mumewe alipewa lifti na baba toka sokoni, na ndani ya gari mlikuwa kimya, miguu imepoa, mtu anaweza kuongea kama yuko sebuleni. Mama kwanza alifikiri baba analinyamazisha ili aingie na kutoka bila sisi kujua. Akaenda kusimama getini kumsubiri. Gari likaja na kishindo kile kile, kuku wakakimbia vile vile, maana fundi alikuwa ameziba ndani tu, nje hakugusa. Nikadhani sasa atatulia. Wapi! Alirudi jikoni amebadilika rangi.

"Kama inje ni kelele ile ile," akasema, "basi ule utulivu wa ndani ni ya nani? Ni nani anakaa pale pembeni yake banaongea?"

Niliogopa sana, sitaficha. Nilianza kukikagua kiti cha mbele kila gari likiegeshwa, nikitafuta unywele, hereni, chochote, huku naomba nisikione.

Wiki ile mama akafunga sanduku. Nguo zake zote, na zetu. Akamwambia baba, uso kwa uso, kwamba anakwenda Likasi kwa mama yake pamoja na watoto. Hakusema atarudi lini, na sisi tulijua kwamba hatarudi. Alishaongea na mwenye lori la kutubeba. Baba akaruka kwa furaha. Likasi! Atatupeleka yeye mwenyewe, gari liko tayari, lori la nini? Akalibeba sanduku, akalilaza nyuma miguuni petu, akalalamika kwa kucheka kwamba ni zito mno kwa safari ya siku mbili. Mama akapanda. Nadhani alitaka kuona kwa macho yake kile kiti cha yule mwanamke.

Tukatoka mjini. Rafiki yangu, sijui nikuelezeje ule ukimya. Gari lilikuwa linaunguruma mbali, kama la mtu mwingine, na sakafu ilikuwa baridi chini ya nyayo zetu. Nilisikia karanga zikivunjika kati ya vidole vya mdogo wangu. Mama alipapasa kila kitu taratibu, mlango, dari, kando ya kiti. Kisha akainama. Karibu na mguu wake pembe ya zulia ilikuwa imeachia, nalo lilikuwa zulia letu la sebuleni. Akalifunua. Chini yake palikuwa na mstari mwekundu wa blanketi la harusi yake, limekatwa vizuri na kubandikwa juu ya lami. Akachokoa upenyo wa mlango, akatoa kipande cha sponji ya godoro.

Akakiweka kile kipande mapajani. Vitu vimeonekana, lakini kiti bado kilikuwa na swali lake. Akauliza bila kugeuka, kwa sauti ya chini, sauti ambayo sisi nyuma tuliisikia yote:

"Papa wa batoto, ule mwanamuke anakaa wapi?"

Baba alitazama barabara. Mama akauliza tena, kwa nguvu zaidi. Mimi nikaziba uso. Ndipo baba akapiga dashibodi kwa kiganja, kwa uchungu kabisa.

"Ile gari bado inapiga kelele! Nilitiya blanketi, nilitiya matela, bado inapiga tu. Nilitaka ushangae, mama. Nilitaka tuongee mu njia."

Mama akatugeukia. "Batoto, munasikia kelele?"

"Apana, mama."

Akamshika baba bega mpaka akageuka kumtazama mdomo. "Ni kelele gani unasikia?"

"Ya moteur," akasema baba. "Hata nikilala kwa kitanda naisikia mu masikio."

Kilichobaki cha njia mama hakuondoa mkono wake begani kwa baba, na machozi yalimtiririka bila kuyafuta. Tulipofika kwa bibi, baba akaanza kulishusha lile sanduku. Mama akamwambia aliache garini. Hakusikia. Akamwambia tena, naye tayari yuko nusu ya uwanja. Basi mama akavuta pumzi, akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake kabla ya siku ile: "Rudisha sanduku! Tunarudi na weye!" Bibi akatoka mbio na ufagio mkononi, akidhani binti yake anapigwa.

Toka hapo nyumba yetu ya Kampemba ikawa nyumba ya kupiga kelele. Chumvi, mvua, bei ya makaa, ndoto ya jana, kila kitu mama alikisema kwa sauti ya kuvuka barabara. Jirani akaja kumuuliza mbona siku hizi mnagombana hivi. "Hatugombane," mama akamjibu. "Njo vile tunaongea."

Lile gari liliuzwa, sijui limeozea wapi. Jirani alirudi Butembo. Baba tulimzika miaka michache iliyopita, na mama yuko kwangu sasa, anaongea pole pole kama wazee wengine, mpaka wageni wanamwinamia ili wamsikie. Lakini iko siku, mchana, nikiwa jikoni, namsikia yuko peke yake chumbani anapaza sauti kwa nguvu zake zote, anamwambia mtu kwamba mvua imeanza. Siendi kumuuliza. Namwacha amalize.