Nilimlisha Kaka Yangu Neno

Admin, nifichie jina. Mimi ndiye niliyemdanganya muuguzi aliyekuja na polisi kumsaidia kaka yangu. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule majuzi tu. Tunaishi Barking, London, mimi, mama na kaka anayenizidi miaka tisa. Tulitoka Uvira, Kongo, nikiwa mdogo. Mama anafanya usafi maofisini na Kiingereza chake ni cha salamu, kwa hiyo miaka yote mimi ndiye mdomo wake, kwa daktari, shuleni, ofisi ya nyumba. Nina aibu sana mbele za watu, lakini nikitafsiri naisahau. Hata kanisani wananisifu kwa hilo.

Mwaka huu kaka alianza kubadilika. Aliacha kazi, akawa analala na viatu, akatoa betri ya kengele ya mlangoni. Kiingereza anakijua vizuri, lakini akawa hakizungumzi tena. Alikuwa anacheka peke yake kisha ananyamaza, kama mtu anayesikiliza simu.

Siku moja mchana alimsukuma mama akitaka kutoka nje kwenye baraza, ile roshani yetu. Sisi tuko ghorofa ya nne. Nikapiga simu ya dharura. Nilitegemea polisi wawili, akaja polisi mmoja na mama mmoja aliyevaa nguo za kawaida. Akasema ni muuguzi wa magonjwa ya akili, na kwamba anazunguka na polisi kwenye gari moja ili mgonjwa asichukuliwe kama mhalifu. Alimwambia polisi abaki mlangoni. Akavua viatu bila kuambiwa, akakaa sakafuni karibu na kaka.

Aliuliza kama tunataka mkalimani kwa simu. Mama akakataa. "Ule mukalimani atakuwa mutu wa kwetu. Kesho kanisa yote itajua. Wewe umuambie yote, mwanangu."

Muuguzi akauliza kwa nini anataka kutoka nje. Kaka akanishika mkono, akanijibu kwa Kiswahili, "Wananiita. Wananiambia nishuke." Halafu kwa sauti ya chini, "Dada, usiwaache hawa wanichukue."

Nilielewa. Kule chini hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwita. Lakini hakuuachia mkono wangu, na Kiswahili chetu hakinilazimishi kusema ni akina nani wanaoita. Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema marafiki zake wanamwita, wako chini, anataka kushuka kuwaona."

Muuguzi aliniangalia. "Una uhakika ndivyo alivyosema?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Aliendelea kumuuliza mambo mengine, na majibu yote nikayalainisha. Mwishoni alisema atampangia miadi wiki inayofuata, akaacha kadi yenye namba. Mama aliibandika kwenye friji. Alimshukuru sana.

Siku ya tatu jirani alimkuta kaka amesimama nje ya kizuizi cha baraza, akapiga simu. Muuguzi alikuwa nyumba nyingine, wakaja polisi peke yao. Walikuwa wanapiga kelele kwa Kiingereza, mama naye analia kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa nimeenda dukani. Niliporudi kaka alikuwa ameshaanguka.

Yuko hai. Mgongo umevunjika, na daktari hajui kama atatembea tena.

Sasa kanisani wanasema muuguzi yule alipuuza kwa sababu sisi ni wageni. Mama ameamini. Anasema, "Alisikia na masikio yake kama mutoto anaitwa na sauti, akavaa viatu akaenda!" Ameniagiza niandike barua ya malalamiko, Ijumaa tuipeleke. Nimeandika nusu. Kila nikifika kwenye jina la yule muuguzi mkono unakataa. Anaweza kufukuzwa kazi kwa neno ambalo hakuambiwa. Nikisema kweli, mama atajua kwamba aliyemwamini kuliko mkalimani ndiye aliyemnyima mwanawe hospitali.

Juzi nilibaki na kaka wodini. Dawa zimemtuliza. Nikamwomba msamaha bila kusema wa nini. Akasema, "Nilisikia ulivyomwambia. Mimi nilikuwa nawaogopa wale watu wanaoniita. Wewe ukasema ni marafiki, nikasema basi, kama dada anawajua, si wabaya."

Nilitoka nikakaa chooni hadi saa za kuona wagonjwa zikaisha.

Nishaurini kabla ya Ijumaa. Niandike barua kama mama anavyotaka, au nimwambie nilichofanya? Nikimwambia, nianze na neno gani? Mimi niliyekuwa nayapata maneno ya kila mtu sasa sina langu.

Na kama unaishi huku na umetutambua, nakuomba, Jumapili msalimie mama kama kawaida. Usimwambie. Hilo niachie mimi.