Walimchukua Mtoto Wangu Asome, Wakamfanya Akili ya Binti Yao

Admin, nifichie jina, maana shemeji yangu anafuata ukurasa huu na anajiona msomi.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, nauza unga mtaa wa Misiera, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Binti yangu, nitamwita Neema, ana miaka saba. Alijifunza kusoma mwenyewe akiwa na miaka minne, kwenye maandishi ya magunia yangu. Leo hesabu za darasa la tano anazifanya kwa kichwa.

Bwana yangu hajawahi kumnunulia hata kalamu. Lakini wageni wakija, anamwita mtoto asimame katikati ya nyumba asome. Wakipiga makofi, yeye ndiye ananyoosha shingo. Ukimuuliza bwana Neema yuko darasa gani, hajui.

Mwaka jana kaka ya bwana anayekaa mjini Mbarara alimsikia akisoma, akasema atamchukua aishi kwake, asome shule nzuri ya mjini. Bwana alikubali kabla chai haijapoa. Mimi nilisita. Halafu nikafikiria darasa lake la hapa, watoto wamebanana hadi mlangoni, na Neema anatumwa kufuta ubao kwa kuwa amemaliza kazi mapema. Nikakubali. Hilo kosa ni langu, sitamsingizia mtu.

Muhula wa pili nilipanda gari pale kituo cha Rwekubo nikaenda Mbarara kumwona bila kuwaambia. Nilimkuta mezani anatafuta majibu ya kazi ya shule. Haikuwa yake. Ilikuwa ya binti ya shemeji, wa darasa la sita, aliyekuwa amelala kwenye kochi anatazama televisheni, akingoja kunakili. Kila jioni ni hivyo, na Neema hapewi chakula mpaka amalize. Ukutani wamebandika cheti: binti yao amepongezwa kwa bidii. Nilikisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana shida.

Nilipomuuliza muke wa shemeji, hata hakuona aibu. Alinijibu, "Mama Neema, mutoto anakula hapa, analala hapa. Kuandika kidogo kunamuumiza wapi, fasi gani?"

Nilikusanya nguo za mtoto tukaondoka. Ndani ya gari Neema akaniambia polepole, "Mama, mitihani yangu nilikuwa nakosea makusudi, ili baseme sina akili, banirudishe kwako."

Sasa ana miezi miwili nyumbani, na bado anakosea. Mwalimu anasema ni mtoto wa kawaida. Juzi nilimuuliza saba na nane ni ngapi. Akaniangalia usoni kwanza, akasema kumi na tatu. Anajua. Anaogopa kwamba akijua, tutampeleka tena.

Bwana ananiambia nimezika bahati ya mtoto. Kaka yake anasema nafasi bado ipo, ila kwanza nimpigie muke wake magoti niombe msamaha. Shule ile ni nzuri kweli, siwezi kudanganya. Ni wale watu ndio takataka. Na bwana ameapa kwamba shule zikifunguliwa atampeleka mwenyewe, yeye ambaye shule yenyewe hajui iko upande gani wa mji.

Nishaurini, ndugu zangu. Nimeze aibu nipige magoti ili mtoto asome, au nimbakize hapa akijifanya mjinga mpaka azoee? Na asiniandikie mtu habari za kumheshimu bwana. Hizo nasikia mingi kila Jumapili.