Redio Yenye Ufa

Jumamosi iliyopita nilikuwa Likombe kwenye mnada wa hisani wa kuezeka wodi ya wazazi, ambayo kuta zake zimesimama bila bati tangu mwaka jana. Kitu cha mwisho kilikuwa redio moja iliyowekwa ndani ya sanamu ya mama amebeba mtoto, ya mpingo, wala si mninga kama alivyotangaza mwendesha mnada. Redio yenyewe dukani haifiki shilingi elfu hamsini. Mnunuzi wa korosho kutoka Nanyamba alifika milioni tatu, na wengine wakaacha kupandisha bei.

Kisha akakataa kutoa fedha. Alimgeukia mchongaji wa sanamu ile, aliyekuwa amesimama kando ya meza.

"Fundi, apa kwanza kwamba hutachonga nyingine kama hii. Kesho nikiikuta kwa jirani yangu nitaonekana mjinga."

Mwenyekiti wa kamati alitazama chini. Bati zote zilikuwa kwenye milioni zile tatu.

Mchongaji hakuapa. Alimshika mnunuzi mkono, akakipitisha kidole cha mnunuzi huyo kwenye bega la mama wa sanamu.

"Umeusikia ufa huo, mtani? Sisi tunafuata mti unavyotaka. Ufa huo ndio ulionifanya nimwinamishe mama kichwa. Mpingo nitapata, lakini ufa kama huo nitautoa wapi?"

Mnunuzi aliupapasa tena, akatabasamu, akafungua mkoba. Hata kuiwasha redio ajue kama inasema, hakuiwasha.

Ingekuwa dukani, kwa ufa ule ule angedai apunguziwe bei.