Imeili ya mizinga iliyonipeleka Zambia, na dada aliyeichapa

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nimepita kwenye uzi wa yule kijana anayeuliza kama mtu anaweza kupata kazi nje kwa kujuana na watu wa fani yake mtandaoni. Wengi mmemcheka.

Mimi nilipata. Tena nikiwa Inyonga, mwishoni mwa miaka ya tisini, enzi ambazo Katavi bado ilikuwa ndani ya Rukwa. Siongezi chumvi, na sehemu inayoniaibisha nitaisema pia.

Marehemu baba alikuwa fundi mizinga ya nyuki, ile ya magome. Aliniachia mizinga mia mbili porini. Shida ni kwamba pori lenyewe lilikuwa linafyekwa kwa ajili ya tumbaku, kila msimu miti inapungua. Nilijua nikibaki nitaishia kuwa kibarua wa kuchochea moto kwenye mabani ya watu ya kukaushia tumbaku, na ufundi wa baba utafia mikononi mwangu. Hilo lilikuwa linaniuma kuliko njaa.

Mgeni mmoja aliyepita kununua asali ndiye aliyeniambia kuna listi ya imeili ya wafuga nyuki wa nchi mbalimbali. Ukituma barua moja, wanaipata wote. Akaniandikia anwani kwenye kikaratasi.

Mpanda mjini kompyuta yenye imeili niliyoijua ilikuwa moja tu, kwenye ofisi ya mradi fulani. Mchapaji alikuwa dada mmoja wa Pwani, Salma. Imeili zilikuwa zinatumwa Ijumaa, simu ikikubali. Nilimwomba anisaidie, maana Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Akakubali kuichapa mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kula.

Nikamsomea kwa Kiswahili, yeye akawa anageuza.

Sasa sikieni. Kwetu ukisema mzinga, hakuna anayeuliza mzinga wa nini. Kwa hiyo kwenye barua nzima sikutaja nyuki hata mara moja! Na Salma kwao mzinga ni wa chuma, ule wa kwenye ngome za zamani.

Basi wafuga nyuki wa dunia nzima wakapokea barua inayosema: mimi ni fundi wa "cannon", nimerithi kwa baba, ninazo mia mbili nimezificha porini, niko tayari kufanya kazi nchi yoyote.

Kumbukeni wakati huo Burundi vita imewaka na wakimbizi wanaingia upande wetu.

Mimi sikujua lolote. Nilirudi Inyonga nikasubiri. Wiki ya tatu nikamwona Salma anashuka kwenye lori la tumbaku, mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Mkononi ana karatasi.

"Kaka Yona, umejibiwa."

Alikuwa ni mzee mmoja wa Zambia, fundi wa magome kama baba. Aliwahi kuishi Tabora, neno mzinga analijua. Aliandika kwamba wenzake kwenye listi wameogopa, ila yeye amecheka mpaka mkewe akaja kuuliza kuna nini. Akaniuliza swali moja tu: kwenu gome la mti wa myombo mnalibandua wakati gani?

Salma ndiye aliyenieleza maana ya "cannon". Nikacheka, mama akacheka. Nikamwita Dada Mizinga. Nikamuuliza kama kule kwao na asali wanarina kwa baruti. Kila nikimtania anatabasamu, anaangalia chini. Mama akampa dumu la asali, akapanda lori lililokuwa linarudi mjini.

Sikujiuliza kwa nini mtu wa ofisi amesafiri siku ya kazi.

Ijumaa nikaenda Mpanda na jibu langu: tunabandua masika, gome likiwa na maji. Kwenye kiti cha Salma hakuna mtu. Bosi ndiye aliyenipokea. Kumbe mmoja wa kwenye listi alimwandikia kuuliza ofisi yake inahusika vipi na silaha. Salma alishaachishwa kazi. Ile karatasi aliichukua siku anakabidhi funguo, akajilipia lori kuniletea.

Yaani nilipokuwa namtania, alikuwa hana kazi. Kwa sababu ya barua yangu.

Nilimwambia bosi kosa ni langu, mimi ndiye sikutaja nyuki. Akanisikiliza vizuri tu. Akalisoma jibu langu, akaandika "beehive", yaani mzinga wa nyuki, mwenyewe kwa peni, akalichapa na kulituma Zambia. Lakini Salma hakumrudisha. Alisema mashine ya ofisi si ya barua za watu.

Nikakimbilia mtaa wa Ilembo alikokuwa amepanga, nikajitaja jina. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Huyo ameshapanda treni tangu juzi. Mbona alisema wewe unajua?"

Yule mzee aliniita kazini, Zambia nikaenda, nikafundisha vijana ufundi wa baba kwa miaka mingi. Nyumba niliyomo leo imetoka huko. Nilipata kila nilichokuwa nakitaka. Barua nilizomwandikia Salma kupitia kwa yule mama mwenye nyumba hazikujibiwa.

Kijana, usikate tamaa, waandikie watu wa fani yako. Eleza kazi yako kama unamwambia mtu asiyeijua kabisa. Ila watu wakisema koneksheni wanawaza aliyewavuta juu tu. Kuna aliyekusukuma kutoka chini, na mara nyingi ndiye anayebaki huko.

Wakuu, nyie nani alipoteza chake ili nyie mpate? Wekeni jina la kwanza tu, linatosha.

Mimi naanza: Salma. Samahani, dada yangu. Siku ile nilipaswa kukuuliza habari za kazi.