Panya wa Bibi Matilda

Harufu ya gunia jipya lililojaa mpunga huwafurahisha wengi. Mimi hunikumbusha kuhama.

Nilipokuwa mtoto pale Ifakara, miaka ya hamsini, baba yangu alikuwa mwalimu, na shule yake haikuwa na nyumba za walimu. Tulipanga chumba. Lakini mavuno yakifika, wanunuzi wa mpunga walimiminika mjini, na kila chumba kisichovuja kiligeuka ghala, kwa kodi ambayo mshahara wa mwalimu haukuifikia. Basi kila mavuno tulihama. Mama hakutundika kitu ukutani. "Mpangaji hapigi msumari," alisema.

Mwaka ule tulikaa kwa Bibi Matilda, mjane mwenye nyumba ya bati na paka wanne wanene waliolala popote, hata ndani ya kofia ya baba. Mavuno yalipofika, mnunuzi mmoja alipiga hodi akiwa ameshaingia, akakipima chumba chetu kwa macho. Mama akaanza kukunja mikeka bila kuambiwa.

"Mwalimu, usinichukie," alisema mnunuzi. "Mpunga hauna miguu. Wewe unayo."

"Na panya je?" Bibi Matilda akadakia. "Wao hawana miguu?"

"Nitaweka mlinzi, Bibi."

"Yupi, mwanangu? Huyo atakayelewa pombe ya mavuno? Mwalimu hanywi. Jaza magunia yako, yeye na wanawe walale humo humo. Na mlinzi halipi kodi."

Mnunuzi alikuna kidevu, akakubali.

Kitanda kikatolewa. Tulilala juu ya magunia, karibu kabisa na bati, makapi yakituwasha shingoni. Kila jioni baba alizunguka na fimbo ya darasani, akigonga pembe zote kwa uso wa kazi. Mimi nililala jicho moja wazi, nikiwaza: panya wakija kwa wingi? Wakimng'ata baba kwanza? Msimu ukaisha, hakuja hata mmoja. Nikaamini ni fimbo ya baba; paka wanne wa Bibi sikuwafikiria. Nadhani na yeye alitaka niamini hivyo.

Sasa ni miaka ya sitini, nimemaliza chuo, natafuta chumba katika mji ambako vyumba havishikiki. Kwenye kila mlango najiuliza maswali mia: nikizidiwa kodi? Nikitolewa ghafla? Mwenye nyumba anataja bei, nami, kabla sijamjibu, najikuta natazama chini ya viti, kama kuna paka.